Kijiji cha watu mia mbili kinalipaje bili zake? Nawajibu leo, ila msiseme najimwambafai

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Leo najibu lile swali maana kila nikiweka video ya hapa kijijini linarudi, "dada, kijiji cha watu mia mbili na kitu kinapataje maji, shule, gari la taka, hela anatoa nani?" Na najua nikijibu kuna watakaosema najimwambafai na Ulaya yangu, wengine watasema maisha yamenishinda ndo naanza kulalamika. Semeni tu. Mimi naongelea hapa ninapokaa, Creuse, katikati ya Ufaransa, ni ng'ombe na mashamba, aliyeko Paris atawaambia mengine kabisa.

Ufaransa ina komuni, yaani kijiji au mji wenye serikali yake ndogo, karibu 35,000, na zaidi ya nusu hazifikishi watu 500. Kila moja ina meya wake na bajeti yake, hata kama watu wote wanaenea kwenye ukumbi mmoja. Sasa komuni kama hiyo gari la taka italinunua na nini? Haiwezi, ndo maana zinaungana, na hawajaanza jana, sheria ya kwanza ya kuziruhusu kuungana kwa kazi fulani ni ya 1890. Hizi jumuiya za komuni mnazoniona nazitaja, yaani komuni jirani zinazofanya kazi pamoja na kuwa na baraza moja, zilianza na sheria ya 1992, halafu 2015 serikali ikaja kwa nguvu ikasema jumuiya iwe na watu wasiopungua 15,000, milimani na sehemu zenye watu wachache wanaruhusiwa kushuka mpaka 5,000. Kufika Januari 2017 miungano ilikuwa imepungua toka elfu mbili na kidogo mpaka 1,266.

Hela zinatoka kwenye kodi ya majengo na ardhi, kodi za biashara na ruzuku ya serikali kuu. Hapo sikai sana, kodi mnazijua.

Ila kitu ambacho watu hawaniulizi na ndo chenyewe, ni viti. Kwenye baraza la jumuiya kila komuni lazima iwe na kiti angalau kimoja, hata ya watu hamsini, na hakuna komuni inayoruhusiwa kushika zaidi ya nusu ya viti, hata kama ule mji mkubwa una watu wengi kuliko vijiji vyote vikijumlishwa. Bila hiyo mji ungekula kila kitu. Shule nayo wanagawana, kijiji kimoja kinachukua wadogo, cha pili wanachukua wakubwa, basi linazunguka asubuhi na jioni, hivyo vijiji vyote viwili vinabaki na shule.

Sasa nisikilizeni na uchungu wangu. Katibu wa ofisi ya meya hapa tunamgawana na vijiji vingine, anakuja siku zake. Nilipotaka mama yangu aje kunisalimia nilihitaji ile barua ya viza, ya kuonyesha mgeni atafikia kwangu, anayosaini meya, stempu yuro 30, na hiyo hela hairudi hata wakikukataa. Nikipeleka karatasi naambiwa moja imekosekana, nisubiri mpaka siku yake nyingine, mama huku anaulizia tarehe ya ubalozi, mimi nalia tu ndani. Na yule mama katibu simlaumu hata kidogo, anafanya mishahara, vizazi, vifo, uchaguzi, vibali vya ujenzi, za vijiji vyote hivyo, mtu mmoja! Ndo ujue kuungana hakuondoi kazi, kunaigawa tu, na mkigawana mtu mmoja mmlipe na mumsomeshe inavyotakiwa.

Halafu kodi ya taka, inaletwa kwa mwenye nyumba lakini sheria inamruhusu kumdai mpangaji, na wangu hajawahi kuisahau.

Na wenyeji wenyewe hawajaridhika. Serikali ilitaka komuni zote zikabidhi maji kwa jumuiya ifikapo 2026, mameya wa vijijini wakapiga kelele miaka, mpaka 2025 Bunge likaufuta ulazima. Lakini waliokuwa wameshakabidhi hawarudishiwi, na mimi hiyo naiona si haki.

Wale mnaosema "Wazungu wanaweza sisi hatuwezi", hapana, nakataa. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000 na tangu sheria ya maji ya 2019 iliyoleta RUWASA, wakala wa maji vijijini, kuna vile vyombo vya CBWSO, vyombo vya jamii vya kuendesha maji, vijiji kadhaa mnakuwa na chombo kimoja, mnaajiri mhasibu na fundi. Si ndo hiki hiki? Kwa mjomba wangu kule Tanga bomba linatoka kijiji cha juu, wakikorofishana la chini linakauka, na shida haikuwa maji, hakuna aliyeandika mapema nani anakaa kwenye kamati na kila kijiji kinachanga ngapi.

Hiyo ni akili yangu mimi na kijiji changu, usiende kumgombeza mwenyekiti wenu ukasema nimekutuma mimi, kila sehemu na mambo yake. Ila kama kwenu chombo cha maji kinahudumia zaidi ya kijiji kimoja, niandikieni hapo chini kamati imepatikanaje na mhasibu analipwa na nani, hasa wa Lushoto na Korogwe, nataka kusikia kwenu kabla sijarekodi inayofuata.