Rangi za Nyoka Aina ya Gata na Hesabu ya Urithi Wake

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini)

Shikamooni wazee wetu, vijana, hamjambo.

Gata ni nyoka mdogo wa Amerika Kaskazini anayefugwa sana huko na Ulaya. Porini kwetu hayupo. Nimemchagua kwa sababu rangi zake zinaonyesha urithi waziwazi, na kwa sababu huku kusini bado tunamtambua nyoka kwa rangi, jambo ambalo ni la hatari.

Gata wa kawaida, Thamnophis sirtalis, mara nyingi ana mwili wa hudhurungi au mweusi na mistari mitatu ya njano inayoshuka hadi mkiani. Seli za aina tatu ndizo zinazojenga sura hiyo. Za kwanza hubeba melanini, yaani weusi na hudhurungi. Za pili hubeba njano na wekundu. Za tatu hazina rangi. Zina vijifuwele vinavyorudisha mwanga. Ile buluu nzuri ya gata wa Florida ni mwanga uliorudishwa mahali ambapo njano ni haba.

Melanini ikikosekana, nyoka anakuwa na ualbino: macho mekundu, mwili wa krimu au waridi. Wekundu na njano vikikosekana, anabaki kijivu na mweusi. Hitilafu hizo mbili zikikutana ndani ya nyoka mmoja, anakaribia weupe mtupu, na wafugaji humwita theluji. Melanini ikizidi, mistari yote inazama. Gata weusi tii wa namna hiyo hupatikana kandokando ya Ziwa Erie, na wazazi wao wanaweza kuwa na mistari kama kawaida.

Inawezekanaje? Jeni, yaani chembe ya urithi, ya weusi huo hujificha, na ya ualbino vilevile. Tuchukue ya ualbino. Mpandishe mwenye ualbino na wa kawaida asiye na jeni hiyo: watoto wote watakuwa wa kawaida kwa sura, lakini kila mmoja ameibeba. Wapandishe wabebaji wawili: kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaliwa na ualbino. Kwa theluji, wazazi wakiwa wabebaji wa jeni zote mbili, nafasi ni 1 kati ya 16. Kwa binadamu pia ualbino hurithiwa kutoka kwa baba na mama. Hakuna laana hapo wala uchawi, na ninaomba hilo lisemwe majumbani kwetu bila kuchoka.

Hesabu huharibika wapi? Kosa kubwa ni kutomjua baba. Jike la gata huhifadhi mbegu za dume kwa miezi mingi, na uzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Ukimnunua akiwa amekomaa, usiamini rekodi ya uzao wa kwanza. Mlee tangu mdogo, peke yake. Pia ualbino unaweza kutoka kwenye jeni mbili tofauti; ukichanganya koo hizo, wenye ualbino wawili watazaa watoto wa kawaida watupu, na mfugaji atadhani ametapeliwa. Tena usipime rangi macho yakiwa na ukungu wa samawati. Huyo anakaribia kujivua gamba, ngozi imefifia. Msubiri amalize, kisha mtazame kwa mwanga wa mchana.

Sasa turudi kwenye mikorosho yetu. Bumslangi, nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, mara nyingi dume lake ni la kijani na jike ni la hudhurungi. Mtu akiwaona wote wawili atasema ni nyoka wa aina mbili. Wa kijani hufanana na wale wembamba wasio na madhara, na hata na nyoka mwenye sumu aitwaye mamba wa kijani, wa misitu ya pwani. Kwa hiyo mtu akiumwa na “nyoka wa majani tu”, mtulizeni, msimchanje, mumwahishe hospitali ya Ligula hata kama hajisikii vibaya. Sumu ya bumslangi huchelewa: damu inaweza kuanza kushindwa kuganda baada ya saa kadhaa.