Bibi ni tiketi ngapi?

SALMA: Assalaam alaykum jamani. Leo tuna mambo matatu ya mauzo ya senema, lakini Hamad, kwanza nikuhadithie. Juzi nampeleka bibi Mnazi Mmoja, tunarudi kwa miguu tukapita Vuga, kufika jumba la senema la Majestic kasimama, haendi. Ananiambia "hapa mie nimeingia mara kumi na moja kwa picha moja." Ya Kihindi, onyesho la wanawake. Kaanza na nyimbo zake palepale barabarani!

HAMAD: Basi bibi ni tiketi kumi na moja.

SALMA: Bibi ni mtu mmoja.

HAMAD: Kwenye hesabu ya mauzo hamna bibi yakhe, na Marekani hata tiketi hawazitangazi, wanatangaza dola. Picha ya Avatar ya 2009 imefika karibu dola bilioni 2.9. Avengers: Endgame ikaipita 2019, halafu 2021 Avatar ikarudishwa majumbani China, ikachukua nafasi yake tena. Na katika hizo pesa, kama nusu hivi zinabaki kwa wenye majumba.

SALMA: Sasa dola ya 1939 ni sawa na ya leo? Gone with the Wind ukiipigia thamani ya pesa za sasa inazipita zote hizo. Ndio mana mie ushindi wa picha napima kwa muda iliokaa jumbani. Sholay ya Kihindi imetoka 1975, imekaa jumba la Minerva kule Mumbai miaka mitano. Dilwale Dulhania Le Jayenge imeanza 1995, pale jumba la Maratha Mandir, Mumbai hukohuko, imepita wiki 1,000. Elfu moja Hamad!

HAMAD: Jumba moja, onyesho moja kwa siku, tiketi rahisi. Na wanaoingia si haohao kina bibi?

SALMA: Ndio ninachosema! Mtu kutoka kwake, kavaa buibui lake, karudi mara ya kumi na moja na mwisho wa picha anaujua, kuna ushindi gani zaidi ya huo?

HAMAD: Huyo kaipenda, sawa, lakini picha haijafika kwa mtu mpya. Mie nataka kujua imefika kwa wangapi.

SALMA: Titanic je? Wikiendi ya kwanza 1997 dola milioni 28 na kitu tu pale Marekani, kisha wiki 15 mfululizo nambari moja. Waliibeba wanaorudi.

HAMAD: Na wapya wakaambiwa na wanaorudi wakaja.

SALMA: Kwa hiyo unakubali.

HAMAD: Sikubali! Mtu mmoja ni mtu mmoja.

SALMA: We si ndo umesema tiketi kumi na moja?

HAMAD: Tiketi kumi na moja, mtu mmoja, ndo mana hesabu yao mie siiamini wala yako siiamini.

SALMA: Haya, magharibi hii inaingia na yale matatu hata moja hatujaligusa.

HAMAD: Wiki ijayo inshallah. Lakini bibi alilipa zote?

SALMA: Mara tatu kapita bure, wa mlangoni alikuwa jirani yao.

HAMAD: Basi tiketi nane.

SALMA: Hamad, zima maiki.