Kabla Hujathibitisha Chuo

(Mhadhara kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao, Dodoma)

Mbukwenyi! Shikamooni wazazi. Wadogo zangu, poleni na baridi hii ya Julai na vumbi lake.

Matokeo yametoka, na tangu juzi napokea swali lile lile: "Dada, nina PCM (fizikia, kemia na hesabu), nyumbani wanataka nisome kompyuta, mimi sina uhakika. Niombe UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, au niende Dar?" Nitalijibu. Ila naanza na lile neno la katikati, "sina uhakika", kwa sababu watu huliruka wakakimbilia jina la chuo.

Mimi nililiruka. Niliomba chuo kimoja mbali na hapa kwa kuwa jirani yetu alikisifia, na mama akatoa fedha za zabibu za msimu mzima ili niende. Muhula wa pili nikagundua kwamba kinachonivuta si kuandika programu usiku kucha. Kinachonivuta ni kukaa na mtu anayeitumia na kumuuliza inamkwaza wapi. Sasa pale chuoni hapakuwa na kozi ya jirani ya kuhamia. Palikuwa na kompyuta, ualimu na biashara, basi. Nikabaki. Mwaka ule nilipata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, na hadi leo naumia nikikumbuka nilivyokosa maneno ya kumweleza mama kwenye simu.

Ndiyo maana nasema hivi. Mwenye uhakika na apime ubora wa kozi anayoitaka. Wewe usiye na uhakika jiulize jambo jingine: ikifika Machi nikaona nimekosea, nitahamia wapi pasipo kupoteza mwaka?

Hapa nyumbani UDOM ilianzishwa 2007, na ndaki yake ya kompyuta, CIVE, ina kozi nyingi za jamii moja: sayansi ya kompyuta, uhandisi wa programu, uhandisi wa kompyuta, mawasiliano ya simu, mifumo ya taarifa (kuoanisha programu na kazi za watu wanaoitumia), mifumo ya taarifa za afya, usalama wa mtandao, hata utengenezaji wa katuni. Kwa anayesitasita, huo ni utajiri. UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo ina ndaki ya TEHAMA pale Kijitonyama, si kampasi kuu ya Mlimani kama wengi wanavyodhani, na ukiwa Dar kampuni za kwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ziko karibu. SUA, Morogoro, ina kozi ya infomatiki ndani ya chuo cha kilimo. Mzumbe wanachanganya TEHAMA na menejimenti. Ardhi wana usimamizi wa mifumo ya taarifa. Wazazi wangu, nawaomba sana, msiziite hizi kozi za walioshindwa kompyuta. Mimi leo naishi kwa kazi ya aina hiyo.

Lakini kozi kuwa jirani hakumaanishi utaruhusiwa kuhamia. Ipigie simu ofisi ya udahili uulize: mwisho wa kuomba kubadili kozi ni lini? Mara nyingi ni mapema, mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kabla hujajua hata njia ya bweni. Je, sifa zangu zinakidhi masharti ya kozi ninayotaka kuhamia? Na mkopo? Ukihama, hakikisha taarifa zako zimefika Bodi ya Mikopo, usije ukaona wenzako wanapokea bumu, fedha ya kujikimu, wewe unakopa sabuni.

Kuhusu maombi sitakaa sana. Unaomba moja kwa moja chuoni, na ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja unathibitisha kimoja tu. Kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni pointi 4 katika masomo mawili, A ikiwa 5 na E ikiwa 1, ila kozi hizi zina ushindani, na nyingine zinadai hesabu. Msijaze sayansi ya kompyuta peke yake kila mahali. Chini yake wekeni kozi ya jirani mnayoweza kuipenda kweli.

Sasa, utajuaje kama unaipenda? Kujua kutengeneza simu si kipimo, wala kuchapa haraka. Nimekuja na kipimo kutoka kwenye kikoba cha mama, kikundi chao cha kuweka akiba na kukopeshana.

Wanachama ni 25. Kila kikao mtu ananunua hisa kuanzia moja hadi tano, kila hisa shilingi 2,000. Mwisho wa mwaka wana hisa 3,500, na sandukuni, pamoja na riba ya mikopo, mna shilingi 8,400,000. Mwenye hisa 140 anapata ngapi? Kila hisa imefikia 2,400, kwa hiyo anapata 336,000. Hapo tumepiga hesabu tu. Kazi inaanza nikikwambia: andika hatua ambazo mdogo wako wa darasa la sita atazifuata bila kukuuliza chochote, kwa kikoba chochote. Yupo aliyejitoa Septemba. Yupo anayedaiwa mkopo. Yupo aliyelipa nusu. Hatua hizo huitwa algoriti, neno lililotokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. Hazihitaji umeme.

Utakosea. Jiangalie pale unapokosea. Kuna mtu akiona hatua ya nne imeharibu hesabu hali chakula mpaka aione kasoro. Huyo aende sayansi ya kompyuta kifua mbele, binti au kijana. Mwingine ataniuliza, "Lakini dada, kwa nini aliyejitoa kwa ugonjwa asipate riba?" Swali hilo ni zito pia, na mwenye nalo aangalie mifumo ya taarifa. Na akiona yote yanamchosha, wazazi wangu, mwacheni aseme leo. Mimi nilichelewa kusema, na mama ndiye aliyelipa.

Karatasi zinapita sasa. Mna nusu saa, simu mfukoni. Ukikwama usifute. Njoo nayo hapa mbele ilivyo, nione umekwama wapi.