Mita Moja, Kaya Sita: Nani Anapata Umeme wa Bei Nafuu?

Ndugu wasikilizaji, sitaeleza kwa kirefu LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, wala EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, maana wote mnalipa na wote mnalalamika. Nimekuja na jambo ambalo nimelisema katika mikutano mingi, nami nitalirudia hadi lisikike: umeme wa bei nafuu hupimwa kwa mita, ilhali katika miji yetu mita moja huhudumia kaya tano au sita.

Ipo nyumba moja Manzese, Dar es Salaam, ninayoifahamu vizuri. Ina vyumba sita na mita moja, iliyofungwa juu ya mlango wa uani. Chini yake limening'inia daftari lenye majina ya wapangaji na kiasi alichochanga kila mmoja, na jina la mama anayekaanga vitumbua limepigiwa mstari mara mbili kwa sababu alichelewesha shilingi 3,000. Mama huyo ana taa moja na simu ya kuchaji. Angekuwa na mita yake, asingefika hata nusu ya uniti 75 kwa mwezi, ambazo ndizo kikomo cha D1, kundi la bei nafuu la watumiaji wadogo wa nyumbani. Lakini matumizi ya vyumba vyote yakijumlishwa, pamoja na friji ya chumba cha mbele na pasi za kila alfajiri, mita inavuka kikomo na nyumba nzima inawekwa T1, kundi la matumizi ya kawaida lenye bei ya juu zaidi.

Tupige hesabu. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, uniti ya D1 ni shilingi 100 na ya T1 ni 292. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA, wakala wa umeme vijijini, asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, zinakuwa 122 na 356. Mama wa taa moja analipia kila uniti karibu mara tatu ya anayolipa mtu mwenye nyumba nzima na mita yake, alimradi huyo hazidishi uniti 75. Hilo linaniumiza.

Naambiwa kila mpangaji aombe mita yake. Kwa fedha ipi? Mwaka 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mjini ilirudi shilingi 320,960, na hakuna mpangaji atakayeziweka kwenye ukuta wa mtu mwingine ilhali anaweza kuhamishwa mwakani. Naambiwa pia kwamba kikomo kikihesabiwa kwa kaya, watu watadanganya idadi yake. Mjumbe wa shina anajua nani analala chumba gani; aulizwe.

Muda umenibana, basi nawapa ushauri wa haraka. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mpangaji aliyekatwa adai ipunguzwe kwenye kodi ya chumba. Malalamiko yaanzie kwa mtoa huduma, yaani TANESCO, kwa maandishi yenye nakala iliyogongwa mhuri. Usiporidhika nenda EWURA, na juu yake lipo Baraza la Ushindani linalosikiliza rufaa.

Ombi la kubadili bei likifika EWURA, huitishwa mkutano wa taftishi na wananchi hualikwa kutoa maoni. Nawaomba wapangaji mje na madaftari yenu, na Baraza la Ushauri la Watumiaji lisimame nanyi kwa hoja moja: nyumba ambayo serikali ya mtaa imethibitisha kuwa ina kaya sita, kikomo chake kiwe uniti 450.