Yule Mama Anatazama Wapi?

Ndugu zangu, asanteni. Walio nyuma wananisikia? Haya. Najua wapo walionong'ona nilipoinuka: "Huyu kaja tena na hadithi zake." Nimekuja nazo. Nitanyamaza siku mtakapoacha kunionyesha stesheni nzuri ya reli zetu hizi ndogo za mezani halafu mkanisomea majina ya rangi.

Nianze na yule mama. Waliokwisha kumsikia wavumilie.

Mwenzetu mmoja, simtaji, alituletea stesheni ya njia moja, kwa uwiano wa 1 kwa 87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Kazi safi. Mataruma kayapaka rangi moja moja, tangi la maji lina kutu ya kweli kweli, na abiria wa sentimita 2 unamwona hadi mikunjo ya koti. Akaanza kutueleza. Gundi gani, brashi gani, kutu ilikaushwa vipi. Nusu saa! Nasi tunatikisa vichwa kama mafundi. Mtoto mmoja aliyekuja na babu yake, sidhani kama alikuwa amefika miaka 9, akauliza: "Mbona yule mama ameipa treni mgongo?"

Kweli bwana. Treni inaingia, jukwaa zima limegeuka kuitazama, ila mama mmoja mwenye kitambaa chekundu anatazama ukuta. Mwenye kazi akaona haya. "Hapo gundi iliniwahi," akasema. "Nitamng'oa." Mtoto akamwambia, "Usimng'oe. Labda anamjua anayeshuka."

Nusu saa ya gundi haikunisogeza hata hatua. Maneno ya mtoto yaliniinamisha hadi miwani ikagonga paa la stesheni. Na si mimi peke yangu, kila mtu alikuwa anatafuta. Anashuka behewa gani? Mbona mkuu wa stesheni amesimama mlangoni wala hatoki? Hapo hakuna kilichokuwa kimeongezwa mezani, hata ujani mmoja.

Mama hakung'olewa. Mwenye kazi alirudi siku nyingine ameegemeza baiskeli ukutani, pale pale mama anapotazama, na amewasha taa kwenye dirisha moja tu. Hakueleza neno. Mwingine, anayejenga kwa 1 kwa 160, akaleta picha ya stesheni yake: mwanamume anapanda treni na masanduku mawili. "Ndiye anayekwenda kushuka kule," akasema. Akainuka mpingaji, maana hakosi, akasema haiwezekani: anapanda ana sentimita 1, atashukaje na 2? Basi kanenepa safarini! Masanduku yale mlidhani yana nguo?

Mnacheka, lakini watu wawili waliokuwa wakionyeshana ufundi sasa wana reli moja. Huko ndiko kushirikishana ninakokusema mwaka nenda mwaka rudi.

Najua kuna mtu hapo ananisubiri. "Mimi si mtunzi wa ngano. Naiga reli halisi, mwaka halisi, hadi namba za mabehewa." Vizuri sana, wala sikudharau. Ila kilomita 1 ya reli yako halisi, kwa uwiano wa 1 kwa 87, inataka karibu mita 11.5. Chumba chako kina kilomita ngapi? Kwa hiyo umekwisha kukata. Kona hii umeichukua, ile umeiacha, vituo vingi umevifanya viwili. Anayechagua kipi kionekane na kipi kisionekane anafanya nini kama si kusimulia? Tofauti yetu ni kwamba mimi nakiri.

Wala si jambo nililolizua mimi. Frank Ellison, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi ya maigizo, alikwisha kuifananisha reli ya namna hii na jukwaa la maigizo, treni zikiwa waigizaji. Na John Allen, mjenzi wa reli hizi ndogo huko Monterey, California! Mtu huyu relini mwake alikuwa na kisanamu cha mnyama wa kale, mjusi mkubwa mwenye mabamba mgongoni, jina lake Emma, anayepanga mabehewa badala ya injini. Mjusi! Na mandhari yake inaheshimiwa na hao hao wanaohesabu misumari ya mataruma. Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza reli yake. Gundi yote ilikwenda na moshi. Zimebaki picha, maana alikuwa mpiga picha hodari, na Emma bado anatajwa.

Mwenyekiti ananionyesha vidole viwili. Sijui ni dakika mbili au ananiaga.

Haraka basi. Ukipiga picha, shusha kamera hadi macho ya yule mtu wa sentimita 2. Ukipiga kutoka juu tunaona meza. Kila behewa liandikie kadi: limetoka wapi, limebeba nini, nani analingoja. Usinieleze kisa chote, niachie kazi na mimi. Nilitaka kusema kitu kuhusu saa za mezani zinazokimbizwa ili siku nzima iishe jioni moja, lakini hiyo nayo inahitaji jioni yake.

Kazi yangu iko pale karibu na mlango. Kuna mbwa amelala katikati ya reli, na treni imesimama. Atakayeniuliza nimetumia gundi gani, nami nitamwuliza mbwa ni wa nani.