Sabufa Sebuleni na Mtoto wa Mwaka Mmoja: Tunaanzia Sakafuni

Habari zenu, karibuni sebuleni kwangu. Huyu mnayemwona nyuma yangu anakazana kung'oa kitufe cha sauti ana mwaka mmoja na miezi minne. Leo simfukuzi, yeye ndiye atakayetuonyesha pa kurekebisha. Msihofu, kila kitu nimeshakichomoa ukutani.

Kwanza, kaa chini. Sio kuchuchumaa, kaa sakafuni kabisa, macho yako yawe usawa wa macho yake. Unaona nini? Taa ya bluu, ambayo sabufa ikiwashwa inawaka na kuzima. Waya zinaning'inia nyuma ya meza. Halafu hili tundu la hewa ubavuni mwa sabufa, mkono wake unaingia bila shida. Wiki iliyopita nilitoa humu kijiko, sarafu mbili na kipande cha chapati.

Tusogee kwenye soketi, na hapa naomba tukae kidogo. Sabufa nyingi huja na plagi ya pini mbili, na soketi zetu zina matundu matatu. Tunafanyaje? Tunachukua kalamu, tunachokonoa tundu la juu, plagi inaingia. Jamani, sote tumefanya. Sasa angalia: nyuma ya matundu haya mawili ya chini kuna vifuniko vidogo vya plastiki. Pini ya juu, ile ndefu, ndiyo inayovisukuma vifunguke. Ukiacha kalamu au kijiti humo, na siku moja mtoto akaivuta plagi ikatoka, vifuniko havirudi. Matundu yamebaki wazi, na umeme wa volti 230 uko pale kwa yeyote mwenye msumari au pini ya nywele. Tena amekuona wewe mwenyewe ukichokonoa, naye haachi kuiga.

Kwa hiyo nunua adapta nzuri, au mwite fundi aikate plagi hiyo afunge ya pini tatu yenye fyuzi. Kwa sabufa nyingi za nyumbani fyuzi ya ampea 3 inatosha. Ekstensheni nayo itazame vizuri: zile za bei rahisi zenye matundu yanayokubali plagi ya kila aina, nyingi hazina vifuniko ndani. Iweke nyuma ya kabati asikofika, lakini usiifiche chini ya zulia, itapata joto.

Rimoti. Hii nyembamba, geuza mgongo wake, vuta hiki kidroo. Betri bapa ya mviringo, imeandikwa CR2025. Kwangu mimi hiki ndicho kitu cha hatari kuliko vyote humu ndani, kuliko hata soketi. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaanza kuunguza nyama, na ndani ya saa mbili tu madhara yanaweza kuwa makubwa. Ukihisi kameza, usimtapishe, usisubiri aitoe choo. Hospitali saa hiyo hiyo, na waambie kabisa kuwa ni betri. Kidroo kizungushie selotepu, rimoti ikae juu. Mimi nilimpa rimoti mbovu achezee, siku ya pili akaitupa. Anaijua ya kweli, ni ile inayowasha taa.

Haya, mambo ya kuanguka. Hiki kitambaa cha kufuma kilichotandikwa chini ya redio kikaning'inia mbele, kitoe. Najua, ni zawadi ya shangazi. Akikivuta, kinakuja na redio juu yake. Na kile cha kufunikia juu pia kitoe, kinaziba matundu ya kutolea joto. Sabufa ishushe sakafuni, spika ndefu zifunge kamba ukutani. Mwenye nyumba hataki matobo? Zisukume kwenye kona, uzifunge kwenye mguu wa kabati zito.

Waya za spika zipitishe nyuma ya meza, zishike kwa klipu. Angalia ncha: nyekundu na nyeusi zikigusana huku muziki unapiga, unaweza kuunguza amplifaya, na fundi atakuambia bei utakayoikumbuka.

Koni, ile karatasi ya spika inayotikisika, haina mengi. Funga wavu wa chuma, maduka ya spea za redio wanauza. Kama kofia ya katikati ameshaibonyeza, gandisha selotepu, vuta taratibu, mara nyingi hurudi. Twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, ikibonyea mimi huiacha, ni nyepesi mno.

Akimwaga chai juu ya redio, zima kwenye swichi ya ukutani kwanza, kama hapo ni pakavu. Kama pamelowa, zima swichi kuu. Ndipo uchomoe, na usiiwashe tena mpaka fundi aifungue. Wewe usiifungue, ndani kuna sehemu zinazobaki na umeme hata ukishachomoa.

La mwisho, kila ukizima, rudisha sauti chini kabisa, maana atakayeiwasha kesho alfajiri si wewe.

Sasa nawasha tusikie... Ngoja, ngoja. Kijiko kimerudi kwenye tundu.