Dawn Staley: Kurudi Nyumbani Ukiwa Bado Unacheza

Makocha, wazazi, na nyinyi mabinti mliokuja hapa moja kwa moja kutoka mazoezini, asanteni sana. Nimeombwa nizungumzie wachezaji wanaorudi kufundisha kwao. Ningeweza kutaja watu kumi, lakini nimeamua kukaa na mmoja tu, Dawn Staley, mchezaji na kocha wa mpira wa kikapu wa Marekani, maana habari zake zinatulazimisha kujiuliza jambo ambalo huwa tunalikwepa: mchezaji wetu bora akirudi nyumbani, tunampa nini mkononi?

Alizaliwa mwaka 1970 na kukulia Philadelphia ya Kaskazini, katika majengo ya serikali ya Raymond Rosen, kitindamimba wa watoto watano. Mama yake, Estelle, alikuwa akisafisha nyumba za watu. Baba na mama wote walikuwa wametoka jimbo la South Carolina, huko kusini. Hilo la South Carolina mlishike, nitalirudia. Dawn alijifunzia mpira wa kikapu kwenye viwanja vya mtaani, akicheza na wavulana. Kimo chake ni kama mita 1.68 tu, kwa hiyo alilazimika kuona pasi kabla wenzake hawajaiona.

Akaenda Chuo Kikuu cha Virginia, akakifikisha nusu fainali ya taifa mara tatu. Mwaka 1991 walifika fainali na Tennessee, wakafungwa 70 kwa 67 katika muda wa nyongeza. Dawn alifunga pointi 28 na akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano, ingawa timu yake ilishindwa. Ubingwa wa vyuo hakuupata kamwe akiwa mchezaji. Baadaye alichukua dhahabu tatu za Olimpiki: 1996, 2000 na 2004.

Kuna kitu kimoja chake ambacho ningependa kila mchezesha timu aliyeko hapa akione. Alikuwa anavaa rababendi mkononi. Akipoteza mpira, anaivuta na kuiachia impige kwenye ngozi, halafu anaendelea kucheza. Adhabu ilianza na kuisha palepale, hakuna aliyepigiwa kelele. Nimewaona makocha wetu wengi wakimtoa binti nje kwa pasi moja mbovu, na binti yule akirudi uwanjani anaogopa hata kuugusa mpira. Tafadhali, hilo tuliache.

Sasa tufike mwaka 2000. Chuo Kikuu cha Temple kipo Philadelphia ya Kaskazini, jirani kabisa na mtaa aliokulia. Timu yao ya wanawake ilikuwa imedorora kwa miaka. Mkurugenzi wa michezo, Dave O'Brien, akamfuata Dawn. Dawn hakuwa na nia ya ukocha, tena alikuwa bado anacheza WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani, na timu ya Charlotte. Lakini O'Brien hakumwita awe sura ya kupamba mabango. Alimkabidhi timu nzima awe kocha mkuu, huku hajawahi kufundisha chuo chochote.

Na yeye hakuacha kucheza! Kiangazi anacheza WNBA, baridi ikiingia anafundisha Temple, hivyo hivyo hadi alipostaafu kucheza mwaka 2006. Fikirini Athens 2004: aliyebeba bendera ya Marekani siku ya ufunguzi alikuwa kocha wa chuo ambaye bado ni mchezaji wa timu ya taifa. Mabinti wa Temple walikuwa wanaelekezwa na mtu aliyetoka kukabana na walinzi bora duniani miezi michache tu iliyopita. Ndiyo maana nasisitiza, tusisubiri magoti ya dada zetu yaishe ndipo tuwakumbuke. Maarifa yao tuyachukue yakiwa ya moto. Katika misimu minane Temple ilishinda michezo 172 na kupoteza 80, na mara sita iliingia mashindano ya taifa. Tangu 1996 pia alikuwa na taasisi yake ya kuwasaidia watoto wa mtaa ule ule baada ya saa za shule.

Mwaka 2008 akahamia Chuo Kikuu cha South Carolina. Watu wa Philadelphia waliumia, nami nawaelewa. Lakini huko ndiko kwa wazazi wake, kwa hiyo mimi nahesabu kwamba alirudi nyumbani mara ya pili. Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu: ushindi 10, vipigo 18. Uongozi ukamvumilia. Kisha mwaka 2014 akampata binti wa huko huko, A'ja Wilson, ambaye bibi yake enzi za ubaguzi wa rangi hakuruhusiwa hata kukatiza ndani ya chuo hicho. Mwaka 2017 wakawa mabingwa wa taifa. Leo sanamu ya A'ja imesimama nje ya ukumbi wanaochezea.

Ubingwa ukaja tena 2022, na 2024 kwa michezo 38 bila kufungwa hata mmoja. Mabingwa huko hukata wavu wa kikapu kama kumbukumbu; ule wa ubingwa wa kwanza aliukata vipande akawatumia makocha wanawake weusi kote nchini, kwa kuwa Carolyn Peck, kocha wa timu iliyokuwa bingwa mwaka 1999, alikuwa amempa yeye kipande cha wavu wake.

La mwisho, na hili nawaomba viongozi wa vyama vya michezo walisikilize kwa makini. Mwaka 2021 alisaini mkataba wa miaka saba wa dola milioni 22.4, ukalingana na malipo ya kocha wa wanaume wa chuo hicho. Hapa kwetu wapo dada waliochezea timu ya taifa ambao wanafundisha kwa nauli ya daladala, na wengine hata hiyo hawapewi. Nimeambiwa bajeti za msimu ujao bado hazijapitishwa. Basi mstari wa mshahara wa kocha mwanamke uandikwe humo sasa, kabla ya jezi na kabla ya kombe.

Naona mikono imeinuka. Tuanze na dada aliyekaa pale nyuma.